Baridi ya Dukani Inaanzia Miguuni

Ukisema hapa Rangwi kwamba kijana wa kijiji hiki anasumbuliwa na baridi huko Dar es Salaam, watu watacheka. Dar es Salaam ni pwani, na pwani ni joto. Sisi wenyewe tukishuka kutoka Lushoto kupitia Soni, tukifika Mombo tunavua masweta. Sasa itakuwaje mtu aliyekulia kwenye ukungu wa Shagayu akasumbuliwe na baridi huko chini, ambako watu wanalala bila shuka?

Mzee mmoja wa kikundi chetu cha kusoma alitusomea ujumbe wa simu kutoka kwa binti yake. Binti anafanya kazi katika duka kubwa la mjini, upande wa maziwa na nyama. Aliandika maneno machache tu: "Baba, naomba lile sweta zito. Miguu inakufa ganzi." Mzee alituuliza kama binti anaumwa au anatafuta kisingizio cha kuacha kazi. Wengine wakasema ni uvivu. Wengine wakasema amerogwa.

Ndugu msomaji, binti yule anasema kweli. Tulieleze jambo hili polepole, maana vijana wengi wa milima hii wanakwenda kutafuta kazi za namna hiyo. Wapo pia wanaozifanya karibu na hapa, kwenye vituo vya maziwa.

DUKA LENYEWE LIKOJE

Supamaketi ni duka la kujihudumia. Mnunuzi hasimami mbele ya kaunta akaomba robo ya sukari. Anaingia ndani, anachukua kikapu, anajichagulia mwenyewe, kisha analipa karibu na mlango wa kutokea. Hapa nchini maduka ya namna hii yamekuja na kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwepo, ikauza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Baadaye Nakumatt nayo ikaondoka. Majina yanabadilika, lakini makabati ya baridi yanabaki, na watu wa kuyajaza wanahitajika kila siku.

Kwa kuwa mnunuzi anajichagulia, maziwa, mtindi, jibini, soseji na nyama lazima viwe mahali anapoviona na kuvifikia kwa mkono. Ndiyo sababu makabati mengi ya baridi hayana milango. Yako wazi mbele, kama kabati la vyombo lililong'olewa milango yake. Ndani kuna baridi, na nje, hatua moja tu, kuna watu.

Baridi hiyo ni kiasi gani? Kabati la maziwa hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 0 na nyuzi 5 za Sentigredi. Kabati au chumba cha vitu vilivyogandishwa hutakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Tukumbuke kuwa maji huganda kwenye nyuzi 0. Joto la mwili wa mtu mwenye afya ni nyuzi 37 hivi. Mchana wa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, joto la nje hupita nyuzi 30.

Mtu atasema, basi wapunguze hiyo baridi. Hawawezi. Shirika la Afya Duniani linatuonya kwamba vijidudu huzaliana upesi katika chakula kilichokaa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Wafugaji wa hapa wanalijua jambo hili hata bila vipimo. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa na nyuzi 38 hivi. Yakichelewa njiani bila kupozwa, yanafika yamechacha na yanakataliwa.

Kwa hiyo, hapo dukani pana mvutano. Maziwa yanataka nyuzi 4, na mtu anayeyapanga anataka joto. Wote wawili wako mahali pamoja, na kila mmoja ana haki yake. Kwa maoni yangu, anayeonewa mara nyingi si maziwa. Maziwa yakiharibika, hasara inaonekana siku ile ile. Mtu akiumia polepole, hasara yake inachukua muda kuonekana, na inampata yeye.

JEMBE LA ALFAJIRI

Ili tuelewe kinachompata mfanyakazi, hebu tuanze na jembe.

Mwezi wa Julai, amka alfajiri uchukue jembe lililolala nje. Shika mpini. Halafu shika chuma. Kipi kina baridi zaidi? Kila mtu atasema chuma. Lakini sivyo. Mpini na chuma vimelala nje usiku mmoja, mahali pamoja. Ubaridi wao ni sawa. Ukivipima kwa kipimajoto utapata namba ile ile. Tofauti ni hii: chuma kinanyonya joto la mkono wako upesi, na mti unalinyonya polepole.

Kumbe kinachosikika mkononi si ubaridi wa kitu chenyewe. Kinachosikika ni kasi ya joto lako kuondoka. Naomba tulishike sana neno hili, maana mambo mengine yote yanatoka hapo.

Mwili wa mtu ni kama jiko. Kuni zake ni chakula. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto karibu sawa na ile balbu ya umeme ya zamani ya wati 100. Akipanda mlima na mzigo wa viazi kichwani, joto hilo linaongezeka mara kadhaa. Ndiyo maana mtu anafika juu anatokwa na jasho, hata kama kuna ukungu.

Joto hilo haliwezi kukaa ndani tu. Lazima litoke, lakini litoke kwa kiasi. Linatoka kwa kugusa kitu cha baridi, kama ulivyogusa jembe. Linatoka kwa upepo, kwa sababu upepo unafagia hewa ya joto iliyozunguka ngozi na kuleta hewa nyingine ya baridi. Linatoka kwa jasho linapokauka. Tena linatoka hata bila kugusa wala upepo, mtu akisimama tu karibu na kitu kikubwa cha baridi. Hili la mwisho watu hulibishia. Lakini fikiria moto wa kuni: ukikaa mbele yake uso unaungua na mgongo una baridi. Joto la moto linakufikia moja kwa moja. Sasa geuza mambo. Mbele ya kabati la baridi moto ni wewe, na joto lako linakwenda kwenye kabati.

Binti wa kupanga maziwa anapata yote hayo kwa pamoja. Anagusa chuma cha rafu na chupa za baridi. Anapulizwa na feni. Amesimama mbele ya ukuta wa baridi. Na chini ya miguu yake kuna sakafu ya vigae, ambayo ni ndugu wa chuma cha jembe kuliko mpini.

BARIDI HUMWAGIKA KAMA MAJI

Wenye mashamba ya mabondeni wanajua kwamba usiku ukiwa hauna mawingu, alfajiri bonde huwa na baridi kali kuliko mgongo wa kilima. Watu wengine hushangaa, kwa sababu tumezoea kwamba kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Ni kweli, toka Mombo hadi huku baridi inazidi. Lakini usiku mtulivu hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka mteremkoni polepole na kujikusanya chini. Inafuata njia ya maji.

Sasa tutazame majokofu ya aina mbili. Lipo friza la kulala, lenye mfuniko juu, lile la kuuzia barafu. Ukifunua mfuniko, baridi yake haikimbii. Inakaa ndani kama maji kwenye pipa. Lipo pia jokofu la kusimama, lenye mlango mbele. Ukifungua mlango wake, baridi inamwagika chini. Kama umevaa ndala, utaisikia vidoleni kabla hujaisikia usoni.

Kabati la wazi la supamaketi ni kama jokofu la kusimama ambalo mlango wake haufungwi kutwa nzima. Watengenezaji wamejitahidi kulipatia dawa. Wameweka feni, na hewa ya baridi inapulizwa kutoka juu kwenda chini, mbele ya rafu, kisha inavutwa tena ndani kwa chini. Ni pazia, lakini pazia la hewa. Huwezi kuliona. Linasaidia, lakini halitoshi. Kila mkono unaoingia kuchukua chupa unalipasua. Kila mtu anayepita karibu analitikisa. Sehemu ya hewa ile inaponyoka, inaanguka, inatambaa sakafuni.

Makabati yakipangwa kushoto na kulia, ile njia ya katikati inakuwa bonde. Mtu amesimama humo, kichwa kiko kilimani, miguu iko bondeni. Kichwa kinasema hali si mbaya. Miguu inasema vingine.

Wataalamu wameliwekea jambo hili kipimo. Katika kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 7730, inashauriwa kwamba tofauti ya joto la hewa kati ya kichwa na kifundo cha mguu isizidi nyuzi 3 hivi, kwa mtu aliyekaa akifanya kazi. Ikizidi sana, watu wengi hulalamika, hata kama hewa ya chumba kwa jumla si mbaya. Kwa hiyo meneja anayetundika kipimajoto ukutani, usawa wa macho yake, na kusema "hapa pana nyuzi za kutosha", amepima kilimani. Aende akapime bondeni.

ANAYEPITA NA ANAYESIMAMA

Nirudi kwa wale wanaosema: "Huyu ni mtu wa Rangwi, amezoea baridi." Wazee wangu mtanisamehe, lakini hoja hiyo ina tundu.

Hapa kwetu, mtu akisikia baridi hufanya nini? Analima, anapasua kuni, anabeba maji, anapanda kilima. Akichoka anarudi jikoni kwenye moto. Usiku anajifunika blanketi. Na ikifika saa tano jua linatoka, ukungu unapanda, mambo yanakuwa mazuri. Baridi ya Rangwi tunaishi nayo kwa kutembea, kwa moto na kwa jua.

Dukani hakuna jua wala moto. Na kazi yenyewe, ingawa inachosha, haina mwendo mkubwa. Mtu anasimama, anapanga chupa, anafuta rafu, anabandika bei, anasimama tena. Jiko la mwili linawaka kwa kuni chache, na baridi haina saa tano.

Mnunuzi hawezi kuelewa. Yeye ametoka nje kwenye joto, mwili umemshiba joto, anapita mbele ya maziwa dakika tatu na kusema: "Aa, hapa pazuri!" Ni kweli, kwake ni pazuri. Hewa ile ile, baada ya saa sita, ni adhabu kwa aliyesimama.

Jambo hili lilichunguzwa sana na Profesa P. O. Fanger wa Denmark, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Watu waliwekwa katika vyumba vilivyopimwa joto sawasawa, wakaulizwa wanajisikiaje. Fanger alionyesha kuwa huwezi kusema chumba kina baridi au joto kwa kuangalia hewa peke yake. Lazima uangalie pia ubaridi wa kuta na vitu vilivyomzunguka mtu, upepo, unyevu wa hewa, mavazi aliyovaa, na kazi anayoifanya. Mambo sita. Manne ni ya chumba, mawili ni ya mtu. Tena alionyesha kuwa hata ukirekebisha kila kitu vizuri kabisa, kati ya watu 100 karibu watu 5 bado watasema hawaridhiki. Kwa hiyo mwenzako akisema anasikia baridi na wewe husikii, usimwite mwongo. Miili haifanani.

MWILI UNAPOBANA MATUMIZI

Joto likipotea kuliko linalotengenezwa, mwili hufanya uchoyo. Mishipa midogo ya damu kwenye vidole vya mikono na miguu hujibana. Damu ya joto inabaki zaidi ndani, kwa ajili ya moyo, ini na ubongo. Ni kama mama mwenye kuni chache. Anaacha jiko la uani lizimike ili la ndani liendelee kuwaka.

Ndiyo ile ganzi ya miguu. Si uchawi. Baridi ikiendelea, misuli inaanza kutetemeka yenyewe ili itengeneze joto. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hapo ni hatari kubwa. Mtu hutatanishwa akili, huongea kama mlevi, na asipowahishwa hospitali anaweza kufa. Mbele ya kabati la maziwa si rahisi kufikia hapo. Katika chumba cha kugandishia inawezekana, kama mtu akifungiwa ndani. Kwa sababu hiyo mlango wa chumba cha baridi lazima uweze kufunguliwa kutoka ndani. Kijana anayeanza kazi aulize siku ya kwanza kitasa cha ndani kiko wapi, na akijaribu kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini hatari ya kila siku ni ndogo kuliko hiyo, na ndiyo inayowapata wengi. Vidole vyenye ganzi havina wepesi. Mtu anashika kisu cha nyama na hakisikii vizuri mkononi. Anabeba kreti na linaponyoka. Anateleza kwenye sakafu yenye umande na miguu haijui ilipokanyaga. Wanaofanya kazi kwenye viwanda vya minofu ya sangara huko Mwanza, wanaoshika samaki wa baridi na visu vikali, wanalifahamu hili vizuri.

JASHO LA DALADALA

Liko jambo moja la mjini ambalo huku hatulifikirii. Mfanyakazi anatoka nyumbani Mbagala au Gongo la Mboto, anabanana kwenye daladala, anafika kazini shati limelowa jasho. Anaingia moja kwa moja kwenye baridi. Jasho linaanza kukauka mwilini, na jasho likikauka linachukua joto jingi. Nguo mbichi nayo haizuii baridi. Saa ya kwanza ya kazi inakuwa mbaya kuliko zote.

Dawa yake ni rahisi. Abebe fulana kavu kwenye mfuko. Akifika, ajifute, abadilishe, ndipo aingie. Soksi pia.

Kuhusu mavazi, watu wengi hutafuta nguo moja nzito. Nguo mbili au tatu nyepesi zinashinda, kwa sababu katikati yake kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni kama mpini wa jembe: inapitisha joto polepole. Zaidi ya hapo, mtu akitoka kubeba mizigo na kusikia joto, anaweza kuvua moja kabla hajatokwa na jasho.

Miguu ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa kuwa tumeona baridi inaanzia huko. Kiatu kiwe na soli nene. Soksi ziwe kavu, na kiatu kisibane. Wapo wanaovaa soksi tatu ndani ya kiatu kile kile. Kiatu kinabana, damu haipiti, na mguu unapoa zaidi kuliko mwanzo! Anayesimama mahali pamoja atandike kitu chini: mkeka wa mpira, ubao, hata karatasi ngumu ya boksi kavu, mradi isimtelezeshe. Ni jambo dogo lakini faida yake inasikika siku hiyo hiyo. Glavu nazo zinahitajika, na zikilowa zibadilishwe.

Chai ya moto inasaidia, na chakula cha kushiba kinasaidia zaidi, maana ndicho kuni. Anayekwenda kwenye baridi na tumbo tupu amewasha jiko bila kuni.

Na pombe je? Wapo wanaosema kikombe cha boha kinafukuza baridi. Pombe inafungua ile mishipa ya ngozi ambayo mwili umeibana kwa makusudi. Damu ya joto inakimbilia kwenye ngozi, mtu anasikia joto zuri, na kumbe joto lenyewe ndilo linatoka nje kwa wingi. Ameacha mlango wazi ili aote moto. Kwa mtu anayeingia chumba cha baridi, hilo ni kosa kubwa.

Wengine wanasema baridi ndiyo inaleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, si na ubaridi wenyewe. Lakini mwenye pumu huweza kubanwa na kifua akivuta hewa ya baridi, na mwenye maumivu ya viungo huweza kusikia maumivu yakizidi. Watu hawa wamweleze daktari aina ya kazi wanayofanya, wasiseme tu "nafanya kazi dukani". Daktari akisikia "dukani" atafikiria kaunta na mizani.

NANI ANUNUE KOTI?

Nchini kwetu ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaojulikana kwa jina la OSHA. Kwa sheria hiyo, mwajiri anao wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake na kuwapatia vifaa vya kujikinga na hatari za kazi. Koti la chumba cha baridi, glavu na viatu vya soli nene ni vifaa vya kazi, kama glavu za mkata mkonge. Si zawadi ya Krismasi.

Nimeambiwa habari za duka moja ambalo lina koti moja kwa watu watano. Anayetoka chumba cha baridi anamvulia anayeingia, likiwa na jasho la mwenzake. Hilo si kuwapatia watu vifaa. Na sweta la nyumbani, ingawa mzazi atalituma kwa upendo, haliondoi wajibu wa mwenye duka.

Koti peke yake halitoshi pia. Kazi za baridi zipangwe kwa zamu, mtu akae humo kwa muda, kisha apewe kazi nyingine mahali pa joto. Pawe na chumba cha kupumzikia chenye joto na chai. Kijana akiona mambo hayako sawa, asianze kwa ugomvi. Aanze kwa msimamizi wake, akiwa pamoja na wenzake, na kama kipo chama cha wafanyakazi apitie huko. Wasiposikilizwa, ofisi za OSHA zipo, na ukaguzi ni kazi yao. Barua iwe na tarehe, na nakala abaki nayo. Ninyi mliojifunza kuandika mkiwa watu wazima mnajua thamani ya karatasi yenye tarehe.

Iko pia dawa ya kabati lenyewe, nayo ni mlango wa kioo. Mnunuzi bado anaona maziwa, lakini baridi inabaki ndani. Nchini Ufaransa, mwaka 2012, wenye maduka makubwa waliahidi serikali yao kuweka milango kwenye makabati ya baridi. Hawakufanya hivyo kwa huruma ya miguu ya wafanyakazi. Walitazama umeme, maana kupoza hewa inayomwagika sakafuni ni sawa na kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka. Lakini faida ya miguu ilikuja pamoja na faida ya umeme. Wenye maduka wa kwetu wanaolalamikia bili za umeme wangeanzia hapo. Kwa chumba cha baridi, mapazia ya plastiki mazito mlangoni yanasaidia, na gharama yake ni ndogo.

NA HUKU KWETU

Mambo haya si ya Dar es Salaam peke yake. Kiwanda cha Tanga Fresh, kilichoko Tanga mjini, hununua maziwa ya wafugaji wadogo wa mkoa wetu, na maziwa hayo hupitia vituo vyenye matangi ya kupozea. Anayehudumia tangi anaosha vyombo kwa maji ya baridi alfajiri, kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, mwezi wa Julai, milimani. Huyu anastahili mabuti ya mpira yenye soksi kavu ndani, na ubao wa kusimamia. Vyama vya wafugaji vinavyopanga matumizi ya kituo viweke vitu hivyo kwenye hesabu, pamoja na sabuni na dawa ya kusafishia. Mara nyingi sabuni imeandikwa na mabuti yamesahauliwa.

JARIBIO LA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi afanye jaribio hili nyumbani. Chagua usiku wenye baridi, wakati ndani kuna joto la watu na la jiko. Fungua mlango kidogo tu, upana wa kiganja. Chukua kijiti kinachofuka moshi, kisicho na ndimi za moto, na ukiweke kwenye upenyo kwa chini, karibu na kizingiti. Tazama moshi unaelekea ndani au nje. Kisha kipandishe taratibu hadi juu ya mlango, utazame tena. Watoto wasiachiwe kijiti. Andika kwenye daftari ulichokiona chini, ulichokiona juu, na ni sehemu gani ya mwili wako ilisikia baridi kwanza. Tutalinganisha madaftari.